Sindano ya Ganzi na Dole Gumba Lenye Haraka

Mgonjwa aliyelala kwenye kiti cha daktari wa meno huikodolea macho ncha ya sindano, ingawa ncha hiyo ndiyo yenye hatia ndogo kuliko vyote vinavyokuja. Sindano namba 30, inayotumika sana kwa ganzi ya kinywa, ina upana wa milimita 0.3 tu, ya namba 27 inafika milimita 0.4. Ikiwa mpya, na ufizi ukiwa umekaushwa kwanza na kupakwa jeli ya ganzi kwa dakika moja au mbili, hupenya bila mtu kuhisi kikubwa. Kinachomfanya akunje vidole vya miguu huja sekunde chache baadaye, dole gumba la daktari linapoanza kusukuma dawa.

Dawa hiyo ni kimiminika, na kimiminika kinataka nafasi. Kwenye shavu nafasi ipo, nyama ni laini na inatanuka. Kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele ya juu, haipo. Utando wa pale umeshikana na mfupa, na kupenyeza dawa chini yake ni sawa na kupenyeza maji chini ya zulia lililogundishwa sakafuni. Kila kinachoingia lazima kibandue kitu. Hapo ndipo madaktari hodari hupoteza imani ya mtoto wa miaka saba, na mara nyingine ya baba yake aliyesimama pembeni.

Wauzaji wa vifaa vya meno hawapendi kulieleza jambo hili kwa wepesi namna hiyo, kwa kuwa likishaeleweka linazua swali linalogusa mfuko. Ikiwa maumivu yanaletwa na haraka, kwa nini mtu anunue mashine badala ya kuacha haraka? Jibu linategemea ni mashine gani. Vipo vifaa ambavyo kazi yake kubwa ni kumzuia daktari asikimbie, na vipo vinavyofikisha dawa mahali ambapo mkono peke yake haufiki kwa uhakika. Makundi haya mawili hupangwa kwenye katalogi moja na kusifiwa kwa maneno yale yale. Kwa hospitali ya wilaya inayohesabu kila shilingi, thamani zake zinatofautiana kama mbingu na ardhi.

Ganzi ya jino ilianza na kokeini. Mwaka 1884 Carl Koller, tabibu kijana wa Vienna, alionyesha kuwa matone ya kokeini yanalitia jicho ganzi kiasi kwamba linaweza kupasuliwa mgonjwa akiwa macho. Kabla mwaka huo haujaisha, William Halsted na mwenzake Richard Hall walikuwa wamekwisha kuidunga kokeini karibu na neva ya taya la chini, huko New York, na kuyafanya meno ya upande mmoja yasisikie chochote. Kwa msingi wake, njia yao ndiyo inayofundishwa vyuoni hadi leo. Halsted aliijaribu dawa kwenye mwili wake mwenyewe, akawa mraibu, na uraibu haukumwacha tena. Prokaini ya Mjerumani Alfred Einhorn iliingia sokoni mwaka 1905 kwa jina la Novocain na kuwaokoa waliofuata. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokaini, ambayo watumishi wengi wa afya wa Afrika Mashariki huiita lignokaini, na ambayo bado inabeba sehemu kubwa ya kazi.

Dawa zilibadilika, bomba likabaki karibu vile vile. Katriji ya kioo tunayoiona leo ilibuniwa mwaka 1917 na Harvey Cook, daktari wa jeshi la Marekani, aliyetazama namna askari wanavyopakia risasi kwenye bunduki na kuona kwamba dawa nayo inaweza kupakiwa hivyo. Inasimuliwa kwamba vizibo vyake vya kwanza vya mpira vilitokana na vifutio vya penseli. Katriji ya sasa hubeba mililita 1.8 au 2.2 kutegemea nchi, na bomba la chuma linaloipokea lina pete ya kupitisha dole gumba pamoja na kijiti chenye ncha ya kunasa kizibo cha mpira, ili daktari aweze kuvuta nyuma kabla ya kusukuma mbele. Kuvuta huko si mapambo. Kwenye sindano ya taya la chini, karibu mara 10 hadi 15 kati ya 100 damu huonekana ndani ya katriji, maana yake ncha imeingia kwenye mshipa wa damu. Atakayesukuma bila kuvuta hupeleka lidokaini na adrenalini moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu.

Lakini bomba hilo lina kasoro ambayo hakuna ufundi wa chuma ulioiondoa. Dole gumba hupima nguvu, halipimi kasi. Nyama ikiwa laini dawa hukimbia. Nyama ikibana, daktari huongeza nguvu bila kujijua, na shinikizo hupanda pale pale ambapo halikupaswa kupanda. Vitabu vya fani, cha Stanley Malamed kikiwa mashuhuri kuliko vyote, hushauri mililita moja kwa dakika, na kwa hali ya kazi ya kila siku hukubali katriji nzima itolewe kwa muda usiopungua dakika moja. Daktari mwenye foleni iliyofika korido anaifanya dakika hiyo kuwa sekunde zisizozidi ishirini, tena kwa moyo mweupe kabisa, akiamini anamfupishia mgonjwa mateso.

Mwaka 1997 kampuni ya Milestone Scientific ya New Jersey ilileta kifaa kilichoitwa The Wand. Kwa mtazamo wa kwanza hakikufanana na sindano. Kisanduku kidogo juu ya meza kilibeba katriji na mota. Mrija mwembamba wa plastiki ulitoka humo hadi kwenye kishikio chepesi ambacho daktari hukishika kama kalamu. Amri ya kutoa dawa ilihamia mguuni, kwenye kanyagio. Kasi ya chini ilikuwa tone moja kila baada ya sekunde mbili. Katika toleo la baadaye kasi hiyo imeandikwa kuwa mililita 0.005 kwa sekunde, na anayependa hesabu ataona kwamba mililita moja inachukua dakika tatu na sekunde ishirini. Hakuna dole gumba litakaloenda mwendo huo bila kutetemeka. Dawa hutangulia, nyama hufa ganzi, ndipo ncha husogea kidogo ndani ya sehemu ambayo tayari haisikii.

Kishikio cha kalamu kilileta faida nyingine isiyotangazwa sana. Sindano ya ganzi ina ncha iliyokatwa mshazari, na ikisukumwa moja kwa moja ndani ya nyama hupinda kuelekea upande mmoja. Kadiri inavyozama ndivyo inavyopotoka. Ikizungushwa kati ya vidole huku ikiingia, mpindo wa kushoto unafutwa na wa kulia, na ncha inakwenda karibu na pale ilipoelekezwa. Bomba la chuma halizunguki mkononi kwa urahisi. Kishikio chepesi kinazunguka.

Katika majaribio ya mwaka huohuo wa 1997, madaktari wa meno 50 walikubali kudungwa wao wenyewe kwenye kaakaa, mara moja kwa bomba la kawaida na mara moja kwa mashine, wakiwa wamefungwa macho. Karibu wote, 48, walipendelea mashine. Ni matokeo ya kuvutia, ila msomaji mwangalifu ataangalia pia nani aliyaandika: mbunifu wa kifaa, Mark Hochman, alikuwa mmoja wa waandishi. Tafiti za watu wengine zilizofuata hazikuimba wimbo mmoja. Baadhi zimekuta maumivu yamepungua waziwazi, hasa kwenye kaakaa. Nyingine, na miongoni mwake zipo nyingi za watoto, hazikukuta tofauti yenye uzito. Hilo halipaswi kushangaza. Mashine ikishindanishwa na daktari anayesukuma kwa sekunde kumi na tano, itashinda bila jasho. Ikishindanishwa na mtu aliyefunzwa kusukuma kwa dakika nzima, sehemu kubwa ya faida yake imekwisha kuchukuliwa. Mtoto wa miaka minne naye hana habari na mililita kwa sekunde. Anachojua ni kwamba kaachamishwa mdomo muda mrefu kuliko kawaida, na kisanduku mezani kinalia.

Kama hadithi ingeishia hapo, safu hii ingeshauri hospitali zinunue saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde na kuendelea na kazi. Haikuishia hapo.

Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ilipata kibali cha Marekani kwa toleo lililopewa jina STA, mfumo wa kulitia ganzi jino moja. Ili kuielewa tofauti yake inabidi kushuka hadi kwenye uwazi mwembamba ulio kati ya mzizi wa jino na mfupa. Humo mna nyuzi zinazolishikilia jino, na dawa ikipenyezwa kando ya mzizi hupita kwenye vitundu vya mfupa hadi ilipo neva. Wazo ni la zamani. Lilijaribiwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa na mabomba yake maalumu, mengine yenye umbo la bastola, yanayotoa mililita 0.2 kila kifyatuzi kinapobanwa. Tatizo lilikuwa nguvu. Mabomba yale yalisukuma kwa shinikizo kubwa mno, katriji zilipasuka, wagonjwa wakabaki na jino linalouma wanapotafuna siku mbili tatu. Zaidi ya hayo, daktari hakuwa na njia ya kujua kama ncha imekaa penyewe au dawa inavuja na kuishia kwenye ulimi, chungu kama shubiri.

STA ilipachika kipima shinikizo kwenye mfumo wenyewe. Dawa inatoka taratibu, mashine inapima upinzani unaorudi kutoka kwenye ncha, na kuutafsiri kuwa taa za rangi na mlio unaopanda. Nyama laini ina upinzani mdogo, na mlio unabaki chini. Ncha ikiingia kwenye uwazi wa mzizi upinzani unapanda, taa zinafika kijani, daktari anajua amefika. Ikiteleza nje, mlio unashuka papo hapo. Shinikizo likizidi, mashine inasimama yenyewe. Huu si upole wa dole gumba uliowekewa mota. Ni hisi mpya, ambayo daktari hakuzaliwa nayo wala hawezi kuipata kwa mazoezi.

Faida yake inaonekana kwa watu mahususi. Mtoto aliyetiwa ganzi taya zima huenda nyumbani na mdomo usiosikia, akautafuna mpaka ukavimba. Aliyetiwa ganzi jino moja hana mdomo wa kutafuna. Mgonjwa mwenye meno mabovu pande zote mbili za taya la chini anaweza kutibiwa siku moja badala ya kurudi wiki ijayo kwa nauli nyingine. Na mwenye hemofilia, ambaye sindano ya kina nyuma ya taya inaweza kumwacha na damu inayojikusanya shingoni hadi kuibana njia ya hewa, anapata njia ya juujuu isiyogusa mishipa mikubwa. Pale ambapo dawa za kusaidia damu kuganda ni adimu na za bei mbaya, hoja hiyo ya mwisho peke yake inaweza kuhalalisha mashine moja katika hospitali ya rufaa.

Mipaka yake nayo ijulikane. Ganzi hiyo haidumu, kwa hiyo haifai kazi ndefu. Haidungwi kwenye ufizi wenye usaha. Kwenye meno ya utoto huhitaji tahadhari, kwa kuwa jino la ukubwa linajengeka chini yake.

Kundi jingine la vifaa limeamua kuacha kuuzunguka mfupa na kuutoboa. Stabident na X-Tip hutumia kekee nyembamba kufungua tundu kwenye mfupa kati ya mizizi miwili, kisha dawa ikapitishwa humo. QuickSleeper ya Ufaransa imeunganisha hatua hizo: sindano yenyewe inazungushwa na mota, inatoboa mfupa, na dawa inafuata bila ncha kutolewa. Maelezo hayo humtisha msikilizaji kuliko kitendo chenyewe, maana mfupa wenyewe hausikii sana ukishatiwa ganzi utando wa juu. Ganzi huja karibu papo hapo, na huokoa jahazi pale gego la chini lenye neva iliyowaka linapokataa kila kitu kingine. Gharama yake ni moyo. Dawa yenye adrenalini ikiingia ndani ya mfupa ni kama imeingia kwenye damu, na wagonjwa wengi husikia moyo ukienda mbio kwa dakika chache. Mwenye afya huambiwa mapema na hupumua. Mwenye ugonjwa wa moyo hubadilishiwa dawa au njia.

Gego la chini ndilo mtihani wa kweli wa fani hii. Mfupa wa nje wa taya la chini ni mnene, dawa iliyodungwa kando ya jino haipenyi vizuri, kwa hiyo daktari hulazimika kuifuata neva nyuma kabisa, kabla haijaingia ndani ya taya. Shabaha hiyo haionekani, na mahali pake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kwamba sindano hii hushindwa kwa asilimia 15 hadi 20, na jino likiwa na uvimbe ndani idadi hupanda sana. Mashine ya kasi haibadilishi hesabu hiyo. Kukosa shabaha polepole ni kukosa vile vile.

Yaliyosaidia hapa hayakuhitaji umeme. George Gow-Gates wa Australia alichapisha mwaka 1973 njia ya kuilenga neva juu zaidi, shingoni mwa kifundo cha taya. Mwaka 1977 Mnigeria Akinosi alichapisha katika jarida la Uingereza la upasuaji wa kinywa njia ya kudunga mdomo ukiwa umefumbwa, sindano ikipita sambamba na meno ya juu hadi nyuma ya taya. Vazirani alikuwa ameeleza jambo la karibu na hilo mwaka 1960, ndiyo maana vitabu vingi huyaunganisha majina yao. Thamani yake katika ukanda huu haisimuliki. Mgonjwa anayechelewa, akatumia panadol na karafuu mpaka taya likakaza, hawezi kuachama hata upana wa vidole viwili. Sindano ya Halsted haina pa kupita, ya Akinosi inayo. Ni teknolojia iliyozaliwa Afrika, haina betri, na inastahili muda mwingi zaidi darasani kuliko inaoupata.

Artikaini ni mfano mwingine. Ilianza kutumika Ujerumani mwaka 1976 na kuruhusiwa Marekani mwaka 2000. Hupenya mfupa kuliko lidokaini, kiasi kwamba ikidungwa kando ya gego la chini mara nyingi hufaulu pale ambapo lidokaini ingeshindwa. Daktari mwenye katriji mbili za artikaini wakati mwingine anafanya kazi ambayo jirani yake anaifanya kwa mashine ya mamilioni.

Kisha lipo jipu. Ganzi nyingi za meno hufika ndani ya neva zikiwa katika umbo lisilo na chaji, na umbo hilo hupungua mazingira yakiwa na asidi. Nyama iliyooza ina asidi. Kwa hiyo lidokaini ile ile inayofanya kazi barabara kwenye ufizi mzima inabaki nje ya neva kama mgeni aliyekosa ufunguo, na daktari anaongeza katriji ya pili, ya tatu, akikaribia kiwango cha juu cha dozi bila mafanikio. Katriji zenye adrenalini zenyewe zina asidi, iliyoongezwa ili adrenalini isiharibike, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuchoma zinapoingia. Mfumo wa Onset huchanganya dawa na sodiamu baikaboneti ndani ya katriji muda mfupi kabla ya kudunga, ili kupunguza asidi hiyo. Ni wazo zuri kwa mwasho wa mwanzo, lakini halitoshi kulishinda jipu. Jipu linashindwa kwa kulipasua likatoka usaha, au kwa kudunga mbali nalo, kwenye shina la neva.

Vingine vinaweza kupitiwa kwa haraka. Vifaa vya mtetemo kama DentalVibe vinategemea nadharia ya lango la maumivu ya Melzack na Wall ya mwaka 1965, kwamba mguso na mtikisiko hufika kwenye uti wa mgongo kwa nyuzi zinazoweza kuzuia taarifa za maumivu. Vinasaidia kiasi. Daktari mkongwe anayeutikisa mdomo wa mgonjwa kwa vidole viwili huku akidunga anafanya jambo hilohilo bila kulipia chaji. Vifaa visivyo na sindano, vinavyorusha dawa kwa shinikizo la chemchemi kama MadaJet, vinatia ganzi juu ya ufizi, vinatoa mshindo unaoshtua, na havifiki kwenye shina la neva. Atakayevipenda avitumie kuandaa mahali pa kudunga.

Mwaka 2016 Marekani iliruhusu dawa ya kupuliza puani, Kovanaze, mchanganyiko wa tetrakaini na oksimetazolini, kwa meno ya juu kutoka gego dogo la pili la upande mmoja hadi lile la upande wa pili, kwa mtu mwenye kilo 40 na zaidi. Kufanya jino life ganzi kwa kupuliza pua ni jambo linalofurahisha kulieleza. Haikufika magego makubwa, haikufika taya la chini, na ilihifadhiwa kwenye jokofu. Magego ndiyo yanayooza zaidi.

OraVerse imelielekea tatizo kutoka upande wa pili: inaondoa ganzi. Ni fentolamini, dawa inayotanua mishipa ya damu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2008. Ikidungwa mwisho wa matibabu, damu inaongezeka mahali pale na kuisomba ganzi. Katika majaribio yake mdomo wa chini ulirudi hali ya kawaida kwa takriban dakika 70 badala ya 155. Mwalimu anayerudi darasani mchana huohuo, au mtangazaji wa redio, anaweza kuona maana ya kulipia hilo. Kwa wengi wetu dakika themanini na tano za mdomo mzito si janga.

Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina katriji ya meno ya lidokaini asilimia 2 yenye adrenalini ya moja kwa 80,000. Si kitu cha kuvutia, lakini kituo kisichokuwa nayo mwaka mzima hakina sababu ya kujadili mota. Baada yake linakuja bomba la kuvuta nyuma, si bomba la plastiki la kudungia bega. Zinafuata sindano za namba sahihi, nyembamba na mpya kila mgonjwa, kisha jeli ya ganzi inayosubiriwa ifanye kazi badala ya kupakwa na kudungwa ndani ya pumzi moja. Artikaini iwepo japo kwa magego magumu. Mafunzo ya Akinosi yatolewe kwa madaktari na matabibu wa kinywa na meno, hasa walio mbali na hospitali za rufaa. Yote haya kwa pamoja hayafiki bei ya mashine moja, na yanamhudumia kila anayeingia mlangoni.

Tanzania, kwa bahati, ina historia yake katika kuipunguza sindano. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake katika mafunzo ya udaktari wa meno Dar es Salaam walianza kuondoa sehemu iliyooza ya jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kuchimba, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya glasi-ionoma inayoshikamana na jino. Mara nyingi ganzi haikuhitajika kabisa, kwa kuwa kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokufa. Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi cha ART, ilipata msukumo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji ya glasi-ionoma pamoja na floridi ya diamini ya fedha, inayosimamisha uozo kwa kupakwa, viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu. Mtoto aliyezibwa jino mapema kwa njia hiyo hakutani na sindano yoyote, ya dole gumba wala ya kompyuta. Bajeti ya ganzi inapojadiliwa, glasi-ionoma inapaswa kuwa kwenye meza hiyohiyo.

Mashine za kompyuta zina mahali pake: hospitali za rufaa zenye wagonjwa wa hemofilia, kliniki za watoto, na vyuo vya meno, ambako mwanafunzi anaweza kusikia kwa masikio yake shinikizo linavyopanda pale anapodhani anasukuma taratibu. Mganga mfawidhi anayeletewa mkataba wa kununua aangalie zaidi mstari wa vifaa vya kutumika mara moja kuliko bei ya kisanduku. Kishikio cha STA na mrija wake ni vya mgonjwa mmoja, vinatupwa, na vinatoka ng'ambo. Vikiisha mwezi wa tatu kutakuwa na kishawishi cha kuvisafisha kwa spiriti na kuvirudia, na mrija uliobeba dawa hadi kwenye ufizi wa mtu mmoja haupaswi kumgusa wa pili. Aulize vishikio vya mwaka mzima vitagharimu kiasi gani, viko ghala gani, na nani atakayeitengeneza mota ikizima. Asipopata majibu kwa maandishi, fedha hizo zinatosha kununua katriji nyingi sana.